Kununua P2 Nakuru: kemisti ya Free Area yenye inakuuliza maswali kabla ikuuzie

Kama kondomu imepasuka ama mmesahau kabisa na uko Nakuru, kemisti yenye ningekutuma ni ile ndogo ya Free Area, ukishuka stage unavuka uende upande wa maduka ya hadwea, mlango wa kijani, imebanana na mama wa mitumba. Jina siandiki, wenyewe hawajaniomba tangazo na sijalipwa chochote, lakini ukifika utaijua juu ndio pekee kwa hio laini yote yenye mtu anakuuliza kitu kabla apokee pesa. P2, ile dawa ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo, pale ni mia na hamsini. Tauni nimeinunua kwa mia mbili, kwingine mia moja, kwa hivyo bei sio stori. Stori ni dozi, na venye unaelezwa dozi, na hapo ndio kemisti nyingi za hii tauni yetu zinatuangusha vibaya sana.

Mnajua venye inakuwanga. Unaingia, unangoja yule mzee wa dawa ya kikohozi atoke, unasongea dirisha unanong'ona "P2", jamaa hakuangalii hata usoni, anatupa boksi kwa karatasi ya kaki, unalipa, unatoka mbio. Hakuna mtu amekuuliza ilikuwa lini, hakuna mtu amekuuliza kama uko kwa dawa ingine. Na ukijikaza uulize "nameza aje?" utapata majibu tofauti kulingana na mahali umeingia: mmoja anakwambia moja saa hii na ingine baada ya masaa kumi na mbili, mwingine anasema zote pamoja, na kuna wa tatu, huyu ndio alinifanya nianze kufuatilia haya maneno, nilimwona na macho yangu akichukua makasi akakata ile strip katikati, akampea msichana wa chuo tembe moja kwa themanini bob akamwambia "kama ni usiku mmoja tu hio inatosha." Msichana akashukuru akaenda. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa foleni, nikamfuata nje nikamwambia arudi anunue ile nusu ingine, na nashukuru Mungu alinisikiza.

Haitoshi. Niandike wazi hapa ndio mtu asije akasema hakujua. Boksi ya Postinor-2, yenye ndio tunaita P2 hata kama ni ya kampuni ingine, iko na tembe mbili, kila moja ina miligramu 0.75 ya levonojestreli, ile homoni yenye inafanya kazi. Dozi kamili ni miligramu 1.5, yaani zote mbili. Hakuna dozi ya usiku mmoja na dozi ya usiku mbili. Kuna zile boksi zingine zinakuja na tembe moja tu, hio moja iko na 1.5 yote ndani yake, hio sawa, unameza moja umemaliza. Ndio maana lazima usome nyuma ya strip: ikiwa imeandikwa 0.75 unahitaji mbili, ikiwa 1.5 unahitaji moja. Yule jamaa wa makasi labda alichanganya hizo mbili, ama labda alitaka tu kuuza rejareja kama sigara, sijui, lakini nusu dozi mtu anaenda nayo nyumbani akidhani amejikinga.

Sasa turudi Free Area. Kwa kaunta kuna mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba, kila mtu anamwita daktari. Kuna kona ndogo hapo kando ya friji na pazia la bluu, ukitaja tu P2 anakwambia "ingia hapa dada" na mnaongea mkiwa wawili, si mbele ya watu wote wa Free Area. Hio pekee kwangu ni nyota mbili.

Alafu anaanza. "Ilikuwa saa ngapi?"

Nikamwambia jana usiku, kama saa nne hivi.

"Sawa, hamjachelewa. Na ndani ya hii mwezi kulikuwa na siku ingine kabla ya hio jana?" Hilo swali sijawahi kuulizwa mahali pengine popote na ni la maana sana, nitaeleza. "Period ya mwisho ilikuja lini? Unakunywa dawa gani zingine, ya TB, ya kifafa, ARV, yoyote, hapa hakuna mtu wa kukuhukumu. Unanyonyesha? Na kilo ni ngapi, ama panda hapo kwa mizani tuone."

Nikapanda. Akaandika kwa kikaratasi. Akafungua boksi mbele yangu, akanionyesha tarehe ya kuharibika, akapasua zote mbili akaniwekea kwa kiganja, akachota maji kwa kikombe cha karatasi. "Zote mbili, saa hii, hapa hapa."

Nikamuuliza mbona karatasi ya ndani imeandika ya pili ni baada ya masaa 12. Hakukasirika. Alisema karatasi nyingi bado zina maelezo ya zamani, vile dawa ilikuwa ikitolewa mwanzo, na kwamba kugawa sio makosa lakini hakuna faida yoyote unapata. Nilienda nikasoma mwenyewe juu mimi ni mtu wa kuthibitisha, na ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti ukachapishwa 2002, wanawake zaidi ya 4,000 kwa nchi 10, wengine wakapewa 1.5 yote mara moja na wengine wakagawanyiwa 0.75 mara mbili. Walioshika mimba kwa wale wa mara moja walikuwa 1.5 kwa kila mia, kwa wale wa kugawa 1.8. Yaani ni karibu kitu kimoja, na madhara hayakuongezeka kwa wale walimeza zote. Tangu hapo maelekezo ni meza zote pamoja.

Na ukifikiria vizuri kugawa kuna shida yake hata kama dawa ni ileile. Ukimeza ya kwanza saa tisa mchana, ya pili inaangukia saa tisa usiku. Nani anaamka? Ama uko kwa wazazi, simu inalia alamu usiku wa manane, mama anauliza ni nini. Watu wanasahau, watu wanaipoteza kwa mfuko, watu wanaanza kuskia kichefuchefu wakaogopa ya pili. Kama ulishaambiwa ugawe na umeshameza moja, usipaniki, meza ya pili saa hii unasoma hapa, usingoje.

Sasa lile swali la saa ngapi. P2 haifanyi kazi venye watu wa mtaa wanadhani, haitoi mimba. Inachofanya ni kuchelewesha yai lisitoke. Mbegu za mwanaume zinaweza kuishi siku kadhaa, mpaka tano, ndani ya mwili zikingoja yai, kwa hivyo ukichelewesha yai zinakufa zikingoja. Lakini kama mwili umeshatoa ile homoni ya kuamuru yai litoke, ama yai limeshatoka, P2 haina cha kuzuia. Ndio sababu kila saa ina maana. Kuna utafiti mwingine wa Shirika la Afya Duniani wa 1998, wanawake karibu 2,000: kwa wale walimeza hii levonojestreli ndani ya masaa 24, walioshika mimba ni 0.4 kwa mia, kati ya masaa 25 na 48 ikawa 1.2, kati ya 49 na 72 ikafika 2.7. Angalieni hizo namba tena. Ni dawa ileile, dozi ileile, tofauti ni kungoja tu. Watu husema "iko masaa 72" kama vile saa ya 70 ni sawa na saa ya 5, na si sawa kabisa. Bado inaweza kumezwa mpaka siku ya tano, lakini hapo nguvu imeshuka sana, na daktari wa Free Area ukifika siku ya nne hakuuzii kimya kimya, anakwambia kuna kitu bora.

Hicho kitu bora ni koili ya kopa, kile kifaa kidogo kinawekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Najua mkisikia koili mnaruka, lakini koili ya kopa ikiwekwa ndani ya siku tano ndio njia ya dharura yenye nguvu kuliko zote, zaidi ya 99 kwa mia, haijali kilo zako, haijali dawa unameza, na alafu inabaki inakukinga miaka kumi kama unataka. Kemisti hawaweki koili. Kile anafanya ni kukuandikia kikaratasi uende hospitali ya kaunti ama kliniki ya uzazi wa mpango, na anakushauri umeze P2 kwanza kama hujui utahudumiwa lini, juu ukikosa kuwekewa siku hio angalau umemeza kitu.

Mahali huyu mama alinishangaza zaidi ni siku nilimpeleka binamu yangu, alikuja kutoka Kisumu, Kondele, akiwa katikati ya dawa za TB. (Amenikubalia niandike.) Kisumu alikuwa ameuziwa P2 ya kawaida hapo nyuma na hakuna mtu alimuuliza kitu. Sasa dawa za TB ziko na rifampisini, na rifampisini inafanya ini lichome levonojestreli haraka kabla ifanye kazi. Daktari aliposikia TB akavua miwani. Akasema ya kwanza kabisa ningetaka uende uwekewe koili, nikupigie simu huko niulize kama wanaweka leo? Binamu akakataa, hakuwa tayari, na mama hakumlazimisha. Akatoa boksi mbili. Tembe nne, miligramu 3, zote pamoja.

Hio ndio dozi ya mara mbili, na iko kwa maelekezo rasmi ya madaktari, si kitu alitunga. Inawahusu watu wa rifampisini, wa dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, na wale wa ARV za efavirenzi. Hata kama umeacha hizo dawa lakini haijafika wiki nne, bado ini linafanya kazi kwa ile spidi, hesabu ni ileile ya boksi mbili. Upande wa Nyanza wenye wako kwa ARV ni wengi na sioni sababu ya kuificha hii habari. Wengi siku hizi wamehamishwa wakawekwa kwa dolutegraviri na hio haisumbui P2, dozi ya kawaida inatosha, lakini kama hujui uko kwa gani beba chupa yako ama piga picha ya jina. Mtu wa kaunta mwenye hakuulizi hawezi kujua.

Na ile mizani. Nilidhani ni ya kupimia watoto. Kumbe levonojestreli inaonekana kupungua nguvu kwa mwili mkubwa, na mwongozo wa madaktari wa Uingereza unasema ukipita kilo 70 ufikirie dozi mara mbili kama huwezi kupata koili ama ile tembe ingine ya dharura ya ulipristali. Mimi niko kilo 74, akaniambia wazi wazi, bila kunidharau, kwamba anaweza kunipea boksi moja ama mbili, akanieleza faida na kwamba hakuna hatari ya kuzidisha hapo isipokuwa labda kichefuchefu, nikachagua mbili. Kwa hivyo mjue mimi siku hio nilimeza nne mwishoe, akafungua boksi ya pili. Kuna wenye wataona ni kuuziwa dawa mara mbili. Mimi naona ni mtu mzima kuelezwa akachagua.

Ulipristali niseme kidogo. Ni tembe moja ya miligramu 30, nguvu yake inashikilia vizuri mpaka masaa 120, yaani siku tano nzima, na kwa mwili mkubwa inafanya afadhali kuliko P2. Tatizo ni mbili. Kwa kaunta za Free Area na tauni mimi sijaiona, nimeuliza wakaniangalia tu. Na haipendi kukutana na homoni zingine: kama umekuwa ukimeza vidonge vya kupanga uzazi hio wiki inaweza kupoteza nguvu, na ukishaimeza unangoja siku tano kabla uanze vidonge. P2 haina hio masharti, unameza leo na vidonge vya kila siku unaanza leo leo, ukitumia kondomu siku saba za kwanza.

Sasa kuna hii ingine yenye nilimuuliza kwa niaba ya watu wangu wa Subukia, juu huko saa mbili usiku kila kitu kimefungwa na boda ya kukuleta tauni ni pesa. Mtu afanye nini kama iliyoko kwa nyumba ni pakiti ya vidonge vya kupanga uzazi pekee? Kumbe iko njia, na ni ya zamani kuliko P2 yenyewe, iliandikwa na daktari wa Kanada anaitwa Yuzpe kwenye miaka ya 70. Unatumia vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili, kama Microgynon 30 na zenye zinafanana nayo, zile kila kidonge kina levonojestreli miligramu 0.15 na estrojeni mikrogramu 30. Unameza vinne saa hii na vinne vingine baada ya masaa 12. Hapa ndio masaa 12 yana maana, hii huwezi kumeza yote pamoja. Na chunga sana rangi: kwa pakiti za vidonge 28, vile saba vya mwisho vya rangi tofauti, mara nyingi kahawia, havina homoni, ni madini ya chuma ama ni vya kushikilia tu hesabu. Ukimeza hivyo umekula chuma.

Lakini Yuzpe ni ya kukosa lingine. Kwa ule utafiti wa 1998 walioshika mimba kwa njia hio walikuwa 3.2 kwa mia na wale wa levonojestreli peke yake 1.1, na tumbo linageuka: nusu yao walipata kichefuchefu na karibu mmoja kwa kila watano akatapika. Upande wa levonojestreli kichefuchefu ilikuwa kama robo na kutapika chini ya 6 kwa mia. Kwa hivyo kama unaweza kupata P2 kesho asubuhi mapema na leo ndio ilitokea, mimi ningengoja asubuhi. Kama ni Jumamosi usiku na duka linafungua Jumatatu, meza vya pakiti.

Kuna pia zile za mama wanaonyonyesha, Microlut, hizo ziko na levonojestreli pekee lakini kidogo sana, miligramu 0.03. Ukipiga hesabu kufika 1.5 ni vidonge 50. Ndio, hamsini, pakiti moja na nusu hivi, zote mara moja. Inashangaza kusoma lakini hesabu ni hio na ni dawa ileile ya P2, imekatwa vipande vidogo.

Mambo ya baada ya kumeza nayo aliyasema bila kuharakisha, na ilhali kulikuwa na watu wawili wanagonga kaunta na shilingi. Ukitapika ndani ya masaa mawili rudia dozi yote. Kula kitu kidogo kabla kama tumbo lako ni jepesi. Period inaweza kuja mapema ama kuchelewa, ikipita wiki nzima tangu siku ulitarajia, pima mimba. Ukipata maumivu makali ya tumbo upande mmoja huko chini usikae nyumbani, nenda hospitali. Mama anayenyonyesha hana shida, aendelee kunyonyesha. Na lile swali lake la "kulikuwa na siku ingine?" ni hivi: kama kulikuwa na siku ya nyuma bila kinga, mimba inaweza kuwa imeshashika, na P2 haitoi mimba. La mwisho ni la mbele: P2 imechelewesha yai, haijaliondoa, kwa hivyo ukilala na mtu tena kesho kutwa bila kinga, yai linaweza kutoka likakutana na mbegu mpya. Haikukingi mbele. Wengi wanashika mimba hapo, alafu wanarudi kusema P2 ilikuwa feki.

Nilimuuliza pia hii ya kuzaa, juu kila mtu kwetu amesikia ati ukimeza P2 sana hutazaa. Akasema hapana, hakuna tembe ya P2 inaharibu uzazi, period zinarudi kawaida. Lakini akasema mtu akirudi kwake kila mwezi anamkalisha chini waongee, si kwa sababu ni sumu, ni kwa sababu vidonge vya kila siku, sindano ama implanti vinashika vizuri kuliko kukimbizana na masaa, na period zinavurugika huwezi hata kujua siku zako. Wale wa maji ya chumvi, soda na majani chai makali, hizo hazifanyi kitu, wacha nipite.

Na tafadhali hii isomwe polepole. Kama haikuwa kwa hiari yako, kama ulilazimishwa, P2 peke yake haitoshi. Kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, zile tunaita PEP, zinaanzishwa ndani ya masaa 72, na hizo ni za hospitali. Nenda moja kwa moja hospitali ya serikali, utapewa P2 hapo hapo pamoja na PEP. Kama unaweza usioge kwanza na usifue nguo, lakini hata kama umeoga nenda tu. Simu ya bure ya kitaifa ya dhuluma za kijinsia ni 1195. Hio namba imebandikwa ndani ya lile pazia la bluu, na nilifurahi sana kuiona pale mahali mtu anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma.

Mabaya ya hii kemisti pia yako. Jioni kuna kijana anamshikia mama na bado hajajifunza kunyamazisha sauti, anauliza "ni ya masaa mangapi?" mpaka mtu wa mitumba anageuka. Nimemwambia mama, akasema ataongea naye, na mara ya mwisho nilipita alikuwa ameanza kutumia pazia. Mara kwa mara ile ya tembe moja ya 1.5 inaisha unabaki na za mbili mbili, si shida kubwa. Kikombe cha maji ni cha moto siku za jua. Foleni Ijumaa jioni ni ndefu kwa sababu maswali yanachukua muda, na kama una haraka ya matatu ya Njoro utaona anakuchelewesha, lakini mimi naomba muwe na subira hapo, dakika tano za kuulizwa TB na kilo ni bora kuliko kupewa boksi kimya.

Risiti anakupea bila kuomba na jina la dawa anaandika kwa ufupi, si kila mtu nyumbani aisome. Jumatatu mpaka Jumamosi wako wazi saa moja asubuhi hadi saa tatu unusu usiku, mama mwenyewe anakuwa hapo mpaka kama saa kumi na moja jioni. Jumapili wanafungua saa nane mchana. Ukilipa na M-Pesa jina linatokea kwa simu ni la mtu binafsi, hakuna neno kemisti, kwa hivyo usidhani umetuma kwa namba ingine.